Pembe Iliyovunwa

Ketini, wazazi wangu. Tangu tumalize sala mnavutana, na mimi nimechoka kusikia neno hilo hilo, saa, saa, saa. Huyu anataka saa za Torati shuleni ziongezwe. Yule anasema mitihani imekaribia, Torati ipunguzwe. Haya. Nisikilizeni kidogo, kisha mwendelee kugombana mkipenda.

Palikuwa na mkulima mmoja, Myahudi kama sisi, jina lake Elkana, aliyekuwa na mtoto mmoja tu, binti, Tirza. Alitaka binti yake aijue Torati, na alitaka aijue hesabu. Lakini akajisemea, mshika mbili moja humponyoka. Basi akatafuta walimu wawili. Asubuhi alikuja mwalimu wa Torati, na mbele yake namba haikutajwa. Baada ya chakula cha mchana alikuja mwalimu wa hesabu, naye hakufungua kinywa mpaka afute ubao wote. Walimu hao hawakuwahi hata kunywa chai pamoja.

Tirza alikuwa mwepesi wa kushika. Asubuhi alikariri kwa Kiebrania, bila kukwama, ile amri ya wakulima: usivune shamba lote, waachie pembe yake maskini na mgeni. Mchana alipima shamba la baba yake kwa kamba na kukadiria magunia yatakayotoka. Kote alipata alama zote. Elkana alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Pembe yenyewe Elkana aliiacha kila mwaka, upande wa mtoni. Mjane mmoja, Mama Hadasa, aliyekuwa akilea wajukuu wawili, alikuja na kikapu chake, akavunja mahindi kwa mikono yake, akaenda zake. Hakupiga hodi wala hakumshukuru mtu. Ndivyo amri inavyotaka. Ile ilikuwa haki yake, si fadhila ya Elkana.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba, na mavuno yalipofika Elkana alikuwa kitandani na homa. Akamtuma Tirza akasimamie kazi, kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, umri ambao binti huanza kuzishika amri mwenyewe. Vibarua walikuwa wageni, hawakujua desturi zetu. Tirza akapima, akamgawia kila mmoja mistari yake, akahakikisha hakuna bua lililosahauliwa. Jioni akaingia kwa baba yake akiwa na furaha tele, magunia yametimia sawasawa na hesabu yake.

Elkana akamuuliza pembe ya Mama Hadasa iko wapi. Mtoto akamkodolea macho, akashangaa kweli kweli.

"Lakini baba," akasema, "pembe si ni ya asubuhi?"

Jamani! Hakuwa na choyo mtoto yule. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amefundishwa vizuri sana, na hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Mama Hadasa alikuwa ameshafika shambani, akakuta mabua yamelala chini mpaka mpakani, akageuka na kikapu kitupu. Elkana akajikokota na homa yake, akampelekea debe la mahindi. Mama akalipokea, maana wajukuu walikuwa hawajala. Lakini alilipokea ameinamisha kichwa, na alisema asante mara nyingi mno. Miaka yote alikuwa mvunaji, siku hiyo akawa mwombaji. Elkana aliporudi alilia, mwanamume mzima, na Tirza akalia kwa kuwa baba yake analia. Bado hakuwa ameelewa.

Kesho yake Elkana aliwaita wale walimu. Kila mmoja akasema la kwake amelifundisha, na mtoto amefaulu. Mwalimu wa Torati akaomba aongezewe saa. Mwalimu wa hesabu, hajangoja hata mwenzake amalize, naye akaomba aongezewe saa.

Nawauliza basi, wazazi, na sitauliza tena kwa kuwa koo limenikauka: katika saa hizo mnazogawana, Mama Hadasa na wajukuu wake watakula kwenye saa ya nani?