Kuku Waliolala Kwenye Nyanya

"Kuku wako wamekula nyanya zangu!"

"Na nyanya zako zimeota moto wa kuku wangu! Nani amlipe mwenzake, wifi?"

"Moto? Hao ni kuku au majiko?"

Ndivyo walivyopigiana kelele hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, asubuhi ambayo sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilikuwa imeanguka na milima yote imekuwa myeupe kama imenyunyiziwa unga. Mmoja aliitwa Ezelina, mwingine Yusta, mtu na wifi yake. Walikuwa wamesimama ndani ya banda la nailoni la Bibi Sekela, lile refu lenye mgongo wa duara, na kuku walikuwa wametulia juu ya fito za nyanya kama wageni wa harusi.

Sikilizeni walivyofika hapo, maana mwisho mtaulizwa.

Bibi Sekela alikuwa mama yake Ezelina na mkwe wa Yusta. Kifua chake kilikuwa hakiwezi tena baridi, akaamua kuhamia bondeni kwa mwanawe wa mwisho. Mashamba alikwisha kuwagawia watoto wa kiume, kama ilivyo desturi ya kule. Kilichobaki ni banda. Akasema, "Siku nitakayoondoka, atakayenilisha mboga mbichi ya humu, banda ni lake."

Alijua anachosema. Alipanga kuondoka katikati ya baridi, wakati mboga mbichi haionekani.

Ezelina alilihitaji sana banda lile. Alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni, amemkimbia mume mpigaji, na binti aliyerudi kule hapewi shamba. Akilikosa banda, njia ni moja, kurudi kwa yule mume. Basi akapanda nyanya upande wa mlangoni. Akazifunga kwenye fito, akazipalilia, akazimwagilia maji ya uvuguvugu kama anaogesha mtoto.

Upande wa ndani kabisa walikaa kuku wa Yusta. Walikuwa wake kweli, si wa mumewe. Kule bibi harusi huja na tetea mmoja kutoka kwa mama yake, na kila kifaranga kitakachotoka kwa tetea yule ni chake. Mume hagusi hata unyoya.

Kwa muda walielewana. Samadi ya kuku ilikwenda kwenye nyanya, magugu ya nyanya yalikwenda kwa kuku. Tatizo lilikuwa njia. Yusta hawezi kufika kwa kuku wake bila kupita kwenye nyanya, na Yusta alikuwa mwanamke mnene.

"Wifi, punguza nyonga, umeniangushia mche."

"Nyonga hizi ndizo zilizomtoa kaka yako usingizini. Zizoee."

Siku moja kuku wakadonoa nyanya. Ezelina akashona viroba vya mbolea, akatundika pazia zito katikati ya banda, akalifunga kwa kamba. Magugu akawa anayatupa nje. Yusta akanuna. Jioni ya mwisho kabla ya Bibi Sekela kuondoka, alinuna mpaka akaapa hatapita kwenye nyanya za mtu, hata kupeleka pumba. Kuku wakabaki na njaa.

Jioni hiyohiyo akaingia Lugano, mume wa Yusta. Yeye hakupanda wala hakufuga. Alikuwa na kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mkewe alikuwa amempiga marufuku kunywa nyumbani. Akafungua pazia, akaketi kwenye joto la kuku, akanywa. Mara akasikia sauti ya mkewe ikimwita, akachomoka mbio. Kibuyu alikikumbuka. Pazia hakulikumbuka.

Kuku wenye njaa wakapita. Wakala nyanya za chini zote. Waliposhiba wakapanda kwenye fito, wakabanana, wakalala katikati ya nyanya za juu.

Asubuhi, sakitu. Wengine wenye mabanda kama lile walikuta nyanya zimelegea kama mboga iliyochemshwa. Kwa Bibi Sekela, za chini zilikuwa zimeliwa, lakini za juu zilikuwa nzima, nyekundu, zinang'aa. Majirani wakajaa kuangalia. Ezelina akachuma, akakata, akampa mama yake sahani palepale bandani. Bibi hajameza vizuri, madai yakaanza.

Ezelina akasema, "Bila mimi, mama, ungekula nini? Nimepanda mimi. Kuku hawapandi nyanya."

"Na pazia nani alishona?" Yusta akamkata. "Lingebaki limefungwa, leo mama angetafuna viroba. Bila mimi, mama, ungekula nini? Joto ni la kuku wangu."

"Uliwatuma? Uliwanyima pumba, wakaja kula jasho langu."

"Wangeshiba wangelala kwao. Njaa yao ndiyo iliyokuokoa."

"Kwa hiyo nikushukuru kwa kununa?"

"Ndiyo, wifi. Sema asante."

Lugano akakohoa. "Bila mimi, mama, ungekula nini? Aliyefungua pazia ni mimi."

Yusta akamgeukia taratibu. "Baba Tumaini. Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilikuwa naangalia hali ya hewa."

"Hali ya hewa inanuka ulanzi?"

Majirani wakacheka mpaka kuku wakashtuka. Lugano hakutikisika. "Chekeni. Nilikuwa nimelewa, sawa. Lakini mkono uliofungua ni wa nani?"

Ezelina yeye hakucheka. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Kaka, wewe una shamba. Wifi, wewe una mume. Mimi nina nini?"

"Shamba lake analilima kwa kibuyu," Yusta akajibu, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuku hawa ndio wanaonilishia watoto. Wakilala nje, sakitu itawamaliza."

Huko barabarani gari likapiga honi. Bibi Sekela akala kipande cha mwisho, akafuta mdomo kwa pembe ya kitenge, akaenda hadi mlangoni mwa banda. Hapo akasimama, akawatazama majirani mmoja mmoja.

"Msiniambie wagawane," akasema. "Wamegawana mwaka mzima na mmeona wenyewe. Wala msiniambie nichague mimi, hawa wote ndio watakaonizika. Mmoja alipanda, akafunga pazia. Mmoja alifuga, akanuna. Mmoja alilewa, akasahau. Semeni upesi, dereva ananipigia honi: je, nani alistahili?"