Kanga Iliyokosa Mwenyewe

Nikisema jungu, ninyi semeni kifuniko. Jungu. Vizuri, tumeelewana, sasa kaeni.

Kabla sijaanza, aliyekula kiporo leo asubuhi anyooshe mkono. Wawili tu? Mnanidanganya mchana kweupe, na midomo bado inang'aa mafuta ya wali wa jana. Haya, shusheni mikono. Hiyo aibu yenu ndogo ndiyo iliyoibomoa nusu ya nyumba ninayotaka kuwasimulia.

Katika mji mdogo upande wa Dodoma, mahali ambapo mvua hupita kama mgeni mwenye haraka, paliondokea nyumba ya watu wazima wanne, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Bibi Mbeleje, mama mwenye mji, alikuwa na mkono wa chakula. Alikausha mlenda na majani ya kunde wakati wa masika, na kiangazi kikali kilipofika, mboga yake ilikuwa na ladha ya shambani bado. Watu walitoka vijiji vya mbali kumwomba kibaba kimoja tu cha mlenda.

Mwanawe, Chilongani, alikuwa na mkono wa mashine. Alikuwa fundi wa mafriji. Friji iliyozikwa na mafundi watatu aliifufua kwa bisibisi na waya, huku akipiga mluzi. Ajabu ni kwamba friji ya nyumbani kwake haikuwa na kitu ila maji ya kunywa, na hilo nitawaambia sababu yake.

Mama Peresi, aliyewalelea mtoto, alikuwa na subira. Mtoto aliyemshinda mama yake mzazi kwa kutema chakula, yeye alimlisha mpaka bakuli likabaki jeupe.

Na mke wa Chilongani, Sechelela, alikuwa nesi wa kliniki ya watoto. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Kila Jumanne alisimama mbele ya akina mama akawafundisha mlo kamili, na akisema yeye, hata mtoto mchanga alinyamaza kusikiliza.

Sasa kuhusu ile friji tupu. Siku ya harusi, Bibi Mbeleje alimshika mkwewe mkono akamwambia mbele ya mashangazi, "Mwanangu hali kiporo. Chakula kilicholala, kwake ni cha kuku." Mashangazi wakatingisha vichwa. Bibi harusi akalishika neno lile miaka minne.

Fikirini hali yake. Sechelela alitoka nyumbani alfajiri, akarudi giza linaingia, na mwaka ule nesi mwenzake alihamishwa, kazi ya wawili ikawa ya mmoja. Kila jioni aliwasha moto upya, akapika ugali wa mume na mboga ya mume, vya kutosha usiku ule na si zaidi, maana kikibaki kitakuwa kiporo. Chakula kilipoiva, mtoto wao Yoeli, wa miaka miwili, alikuwa ameshalala. Kesho yake hapakuwa na kitu jikoni, na Bibi Mbeleje alishinda shambani, jiko amemwachia mkwewe. Mama Peresi, ambaye aliajiriwa kulea na kufua, alimpa mtoto kilichokuwepo: chai ya rangi, andazi, na uji mweupe usio na kitu ndani.

Ikafika Jumanne moja. Sechelela alikuwa akifundisha namna ya kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wenye rangi. Kijani, mtoto ana afya. Njano, tahadhari. Nyekundu, hatari. Mama Peresi alikuwa amemleta Yoeli kwa chanjo, na Sechelela, kwa fahari ya mama, akamnyanyua mwanawe juu ya meza.

"Tazameni, nitawaonyesha kwa huyu wangu," akasema.

Akamvua sweta, akazungusha utepe, akavuta. Utepe ukapita kijani, ukasimama kwenye njano, ukucha mmoja tu kabla ya nyekundu.

Akina mama arobaini walikuwa wanatazama. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mama mmoja wa mbele, mwenye mtoto mgongoni, alisema kwa upole kabisa, "Sista, labda utepe huo umeharibika. Jaribu mwingine."

Akajaribu mwingine. Rangi ni ile ile. Sechelela aliniambia baadaye kwamba yale maneno ya upole yalimuuma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa. Alitamani ardhi ipasuke. Alimvalisha mtoto sweta, akamaliza somo la mlo kamili kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Jioni ile hakupika. Aliweka utepe mezani, akawaeleza wote watatu, akafunika uso kwa mikono. Kisha kila mtu akainuka na kufanya la kwake.

Bibi Mbeleje alifungua magunia yake. Jumamosi nzima alisaga karanga, akatwanga dagaa waliochambuliwa vichwa na mchanga, akapika maharage sufuria kubwa, akachemsha maboga, akaunga mlenda na majani ya kunde. Alipika cha juma zima kwa siku moja. Wakati anakoroga hakuimba kama ilivyokuwa desturi yake. Bila mkono wake, pasingekuwa na chakula cha kuweka.

Chilongani alileta karakana yake nyumbani. Umeme wa mji ule hukatika bila kuaga, kwa hiyo alichukua friji kubwa la kulala, lile la kugandisha, lililotelekezwa na mteja, akabadilisha mpira wa mlango, akalivisha maboksi na blanketi nje, akapanga chupa za maji yaliyoganda pembeni. Umeme ulikatika siku mbili, na chakula kikatoka kigumu vilevile. Alhamisi ya kwanza alikaa mezani mbele ya mama yake, akala maharage yaliyopikwa Jumamosi, akaomba ya kuongeza. Bila mkono wake, chakula chote kingechacha kabla ya Jumatatu kwisha.

Mama Peresi alikaa kitako. Kila siku alitoa vikopo vya siku hiyo tu, akachemsha mpaka kitokote, akapoza, akamweka Yoeli mapajani. Mtoto aliyezoea andazi haoni sababu ya kula mlenda. Siku za kwanza alitema, akarusha kijiko, akalia mpaka akakauka sauti. Mama Peresi hakumfinya wala hakumtisha. Kijiko kimoja, hadithi moja. Kijiko cha pili, wimbo. Bakuli moja lilichukua saa mbili. Bila yeye, chakula kingeliwa na paka.

Na Sechelela? Alipima kiasi cha kila bakuli. Alisema chakula kipoe kwanza kabla ya kufunikwa, kigawanywe vikopo vidogo, kilichoyeyuka kisirudishwe kwenye barafu. Aliandika siku juu ya kila kifuniko. Basi.

Miezi mitatu ikapita. Jumanne moja Mganga Mfawidhi, mkuu wa kliniki, mwenyewe alimpima Yoeli mbele ya watu, na utepe ukasimama kwenye kijani, tena kijani cha katikati. Kliniki ile ilikuwa na desturi yake: mtoto akitoka njano akarudi kijani, mlezi wake hufungwa kanga kiunoni, akasimama akawaeleza wenzake alichofanya. Mganga hakuuliza mlezi ni nani. Alimfunga Sechelela kanga. Vigelegele vikapigwa, akina mama wakamkumbatia, na yeye, mwenye mdomo uliowanyamazisha watoto wachanga, alikosa neno. Alitabasamu. Akakubali.

Mnamlaumu? Mimi simlaumu sana. Sifa ikija wakati mtu amekaa na aibu miezi mitatu, hupokelewa kama maji. Ila alipofika nyumbani, ile kanga ilikuwa inamchoma kiunoni. Aliifungua, akalisoma jina lake, yale maneno ya pindoni: *Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo*. Akaiweka mezani.

"Hii nimeiiba," akasema. "Nimesifiwa kwa kazi yenu, na nimenyamaza. Mama, chukua wewe. Wewe ndiye uliyepika."

Bibi Mbeleje akasogeza kiti nyuma. "Usiniletee mimi. Siku ya harusi yako nilisema mwanangu hali kiporo. Nilisema uongo, mkwe wangu. Marehemu baba yake alikula kiporo mpaka siku anakufa, na huyu nimemlea kwa ugali wa jana. Nilitaka tu mashangazi wajue kwamba mwanangu si wa kuokotwa. Uongo wangu wa dakika moja ndio uliomlaza mjukuu wangu na njaa."

Sechelela akamgeukia mumewe, akamsukumia kanga.

Chilongani alikuwa anatazama vidole vyake. "Mama Yoeli, mimi nilijua. Nilikuwa pale Mama aliposema, na nilijua ni uongo. Ningeweza kukuambia jioni ile ile. Lakini nilipenda kupikiwa cha moto kila siku. Nilikuona unarudi umechoka, unapuliza moto, nami nikajiambia, ndivyo wanawake walivyo. Natengeneza mafriji ya watu, na langu nimeliacha na maji."

Ikabaki kwa Mama Peresi. Sechelela alimshikisha kanga mkononi, maana huyu hakuwa na kosa.

Mama Peresi akaanza kulia kimyakimya. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimvalisha sweta, dada. Hata juani. Niliona mikono inavyopungua, nikaogopa. Nilisema ukiiona utasema simlishi, utanifukuza, na mimi nina wanangu. Ungeiona mikono ile mapema, asingefika pale. Nilimficha mtoto ili nibaki na kazi."

Jamani! Watu wanne walikuwa wameona haya kwa pamoja, kila mmoja akitamani mwenzake amkaripie kidogo, na hakuna aliyekuwa na ulimi wa kukaripia. Kanga ilirudi katikati ya meza.

Sechelela hakuliacha jambo lile. Jumanne iliyofuata aliwachukua wote watatu mpaka kliniki, akamrudishia Mganga Mfawidhi kanga, akasema mbele ya akina mama kwamba haikuwa yake. Mganga alimtazama, kisha akawatazama wale watatu waliokaa benchi moja na macho chini.

"Siwezi kuipokea," akasema. "Kanga ikishatoka, haina budi kumpata mlezi wa mtoto. Sista, mfunge mwenyewe anayestahili. Naye asimame awaeleze hawa wenzake kila kitu, alichoharibu na alichotengeneza. Huenda humu mna mwingine anayeogopa kusema."

Sechelela akaishika kanga kwa mikono miwili, akasogea kwenye benchi. Bibi Mbeleje akafunga macho. Chilongani akakohoa. Mama Peresi akamkumbatia Yoeli kwa nguvu, na Yoeli, ambaye hakujua lolote, alikuwa anatafuna boga.

Mimi nakomea hapa, msinitazame hivyo. Wa kulia kwangu naona wanampigia debe bibi, kwa kuwa pasipopikwa hakuna cha kuweka. Na uongo wake je? Wengine mnasema fundi, kwa kuwa alikula maharage ya Jumamosi mbele ya mama yake, na hilo kwa mwanamume si jambo dogo. Na kimya chake je? Wa nyuma mnasema Mama Peresi, saa mbili kwa bakuli moja. Na sweta? Na yupo mmoja hapa ananong'ona kwamba Sechelela arudi nayo, kwa sababu katika wote wanne ni yeye tu aliyeaibika hadharani.

Haya, kanga iko mikononi mwako sasa, akina mama arobaini wanasubiri. Utamfunga nani, na unapomfunga, utamtazama usoni?