Upepo Ulipogeuka kwa Nakijwa

Azimaye moto wa jirani, jicho li paani kwake. Mmemsikia bibi yenu akiisema asubuhi, mkaguna, mkadhani ni maneno ya wazee wenye roho mbaya. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi, na walioianzisha hawakuwa wabaya kuliko ninyi.

Huko milimani Upareni, zamani nyumba zote zikiezekwa kwa nyasi, aliishi mjane mmoja jina lake Nakijwa. Mumewe alimwachia nyumba na kishamba cha mahindi, basi. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mavuno yakawa haba. Nakijwa akajinyima, akashindia mboga na maboga, ili kihenge cha mbegu kilichokuwa katika chumba cha ndani kisiguswe. Asiye na mbegu kule alikuwa na njia moja tu, kulima mashamba ya watu mpaka azeeke.

Mchana mmoja wa kiangazi cheche iliruka jikoni ikashika paa. Nakijwa akapiga yowe. Na watu walikuja, jamani, tusiwasingizie. Walikuja mbio, wanawake na mitungi, wanaume na matawi mabichi ya kupigia moto. Aliyewatangulia alikuwa Senkondo, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo juu tu, nyuma ya ile ya Nakijwa. Alipanda kwenye paa huku linawaka, akaungua mikono, na bado akawa anapokea mitungi iliyopitishwa kutoka mferejini. Nakijwa alimtazama machozi yakimtoka. Alijisemea kwamba mume amekufa, lakini amemwachia ndugu. Jiko lilikuwa limekwisha, ila chumba cha ndani kilikuwa kizima.

Ndipo upepo ukageuka. Ulikuwa ukipanda mlima, sasa ukashuka, ukisukuma moshi na cheche kuelekea bondeni. Senkondo akautazama moshi, kisha akateremka. Aliyekuwa akimpa maji akatua mtungi. Wengine wakajifuta jasho, wakakaa chini kama watu waliomaliza palizi.

Nakijwa akamkimbilia. "Shemeji, mbegu zangu! Chumba cha ndani hakijashika bado."

"Tulia, shemeji," Senkondo akamjibu kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Hatari imepita. Upepo umeelekea bondeni, na huko hakuna nyumba."

"Na hii yangu ni nini?"

Nakijwa akachukua mtungi. Alichota mwenyewe, akamwaga mwenyewe, lakini mtu mmoja na mtungi mmoja watafanya nini? Mara mbegu zikaanza kulipuka humo ndani, na harufu tamu ya mahindi ya kuchoma ikawafikia waliokaa. Kuna waliomeza mate.

Jioni Senkondo alichinja beberu kushukuru kwamba kijiji kimepona. Nakijwa aliitwa, akaja. Mzee mmoja akamtaka aseme neno kwa waliomsaidia. Akainuka, akaiangalia mikono ya shemeji yake iliyofungwa majani ya dawa.

"Ahsanteni," akasema. "Azimaye moto wa jirani, jicho li paani kwake."

Watu wakaendelea kula.

Mngependa iishie hapo, mumlaani Senkondo mkalale. Haiishii hapo.

Kiangazi kilichofuata yowe lilipigwa kwa Senkondo. Nakijwa, ambaye sasa alikuwa kibarua wa kila mwenye shamba, alinyakua mtungi. Mlangoni akajikuta amesimama, shingo ameinua, anatafuta moshi unaelekea wapi. Ulikuwa ukipanda mlima, mbali na kibanda chake kilichokuwa chini. Moyo ukamtulia, na alipouona umetulia alijichukia. Akaenda, lakini hakukimbia. Alipofika hapakuwa na cha kumwagia maji.

Senkondo alikuwa ameketi pembeni ya majivu. Hakumuuliza kwa nini amechelewa.

"Upepo ulikuwa unaelekea wapi, shemeji?"

Nakijwa akautua mtungi uliojaa. "Ulikuwa unapanda."

Senkondo akatikisa kichwa kukubali, maana alikuwa anajua. Wakakaa pale wawili, kila mmoja akiona haya kumtazama mwenziwe. Tangu siku hiyo watu wa mlima ule wanasema, na wala hawasemi kumsuta mtu: azimaye moto wa jirani, jicho li paani kwake.