Kwa Nini Msafiri wa Amravan Humlisha Mama Yake

Zamani, katika nchi ya Amravan huko Bara Hindi, mtu aliyetaka kusafiri alifunga mzigo wake akaenda zake. Mama yake alikuja kupata habari kwa majirani. Hakuna aliyeona kosa hapo. Wazee wa siku zile, nasema bila kuwasengenya, waliyaacha mengi yapite.

Wakati huo alikuwapo mjane mmoja mfinyanzi, jina lake Sonabai, aliyekuwa na mtoto mmoja tu, Jaivardhan. Mtoto huyo hakupenda udongo. Alikwenda kulisha tembo wa jeshi, akawa askari, kisha jemadari. Mfalme wa nchi alipokufa bila mrithi, mawaziri walikificha kifo chake mwezi mzima, huku wakiiba nafaka ghalani. Siri ilipofichuka, watu walikatana mapanga barabarani. Jaivardhan ndiye aliyezizima fujo zile, na watu wakamtawaza kuwa mfalme mkuu.

Alitawala vizuri, tusimnyime haki yake. Alichimba visima njiani, akawapunguzia wakulima kodi, akaziunganisha falme saba ndogo chini ya bendera moja. Na ili watu wasidanganywe tena, aliweka desturi: kila asubuhi alisimama kwenye dirisha la juu la jumba lake, kila mtu amwone kuwa yu hai.

Sonabai alikataa kuhamia kwa mwanawe. Alisema mikono yake imezoea udongo na hajui kukaa bure. Lakini alijiwekea nadhiri: kila siku hatakula chochote mpaka amwone Jaivardhan dirishani. Alisimama chini katikati ya umati, na mfalme, kabla ya kuwapungia watu mkono, alimtafuta kwanza mama yake kwa macho. Wakishaonana, bibi huyo alirudi nyumbani akala chapati zake, moyo umetulia.

Katika mwaka wa tisa wa utawala wake, ngome moja ya kusini iliasi. Mfalme alitaka kuivamia ghafla, waasi wasijue kuwa ametoka mjini. Akatafuta askari aliyefanana naye, akamvika kilemba chake na kumwamuru asimame dirishani. Siri hiyo ilijulikana kwa watu watatu tu.

Waziri wake akamuuliza, "Na mama je, tumwambie?"

"Mwache," mfalme alijibu. "Macho yake yamefifia siku hizi, hatatambua. Tena ni siku tano tu."

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asubuhi ya kwanza yule askari alipunga mkono vizuri sana, na mji mzima ukashangilia. Hakumtafuta mtu yeyote kwa macho. Sonabai akajua pale pale kuwa huyo si mwanawe. Akakumbuka jinsi kifo cha mfalme wa kwanza kilivyofichwa, akaamini kuwa Jaivardhan naye amekufa. Alitaka kupiga ukunga. Lakini alijua kuwa akipiga, mapanga yatarudi barabarani na kazi yote ya mwanawe itaharibika. Basi akajitanda mtandio wake vizuri, akarudi nyumbani kimya.

Siku tano zikawa arobaini, maana ngome ile haikuanguka upesi. Kila asubuhi Sonabai alikwenda chini ya dirisha, asije mtu akashuku, na kila asubuhi alirudi na njaa yake. Maji alikunywa, chakula hakukigusa. Jirani yake Rukhmi alipomletea dengu, alimwambia, "Asante, ndugu yangu, nimeshakula." Wala hakulia mbele ya mtu. Mimi sehemu hii huisimulia kwa taabu.

Jaivardhan alirudi na ushindi, ngoma mbele na tembo nyuma. Alimtafuta mama yake katika umati, asimwone. Akashuka, akaenda kwa miguu hadi mtaa wa wafinyanzi, akamkuta Rukhmi akifagia ua.

"Mama yuko wapi?"

"Tulimchoma siku sita zilizopita, mwanangu. Tulipeleka habari jumbani, tukaambiwa tusikungoje. Majivu yake tumeyamwaga mtoni."

"Aliumwa nini?"

"Hakuumwa. Nilimkuta amelala chini hawezi kuinuka. Nikambembeleza ale kijiko kimoja tu, akasema hawezi, hajamwona mwanawe. Nikamwambia, 'Si ulimwona jana dirishani?' Akanitazama tu."

Mfalme wa falme saba alikaa chini mavumbini akalia kama mtoto. Majuto ni mjukuu.

Kesho yake aliamuru dirisha lile lizibwe kwa mawe. Kisha akatoa amri nchi nzima: awe askari, awe mfanyabiashara, awe mfalme, asitoke mtu safarini kabla ya kumwambia mama yake anakokwenda, hata kama ni siri ya vita, na kumlisha tonge kwa mkono wake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, msafiri wa Amravan humlisha mama yake ndipo avuke kizingiti. Aliyefiwa na mama hukata tonge vilevile, akanyoosha mkono nalo mbele yake kidogo, kisha akalirudisha sahanini. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Jaivardhan, na alifanya hivyo kila safari mpaka alipokufa.