Chungu cha Bi Ruzuna

Hapo zamani, mji wetu ulikuwa na fundi mmoja tu wa batiki, Bi Ruzuna. Uzee ukamshika mikono, ikawa nta inamwagika ovyo. Akatangaza kuwa chungu chake cha nta atamkabidhi mmoja wa wanafunzi wake watatu, Mwanakheri, Raya na Kazija, na huyo ndiye atakuwa fundi wa mji. Mmoja tu. Msiniulize kwa nini wasigawane. Mila ni mila.

Ikaja kazi ya harusi. Bi Ruzuna akasema kitambaa kikimpendeza mama wa biarusi, aliyekifanya apewe chungu.

Mwanakheri, mwenye mkono mtulivu, akachora kwa nta maua ya mkarafuu, ua baada ya ua, mpaka mgongo ukamuuma. Akakianika uani.

Sasa jueni, kitambaa chenye nta hakikunjwi, maana nta ndiyo inayozuia rangi, na ikipasuka rangi hupenya. Lakini mbuzi wa jirani, mlafi yule, akaingia akaanza kuvuta pindo. Raya akaruka, akakinyakua, akakikunjakunja kwapani. Mbuzi akakosa, nta ikapasuka kila mahali. Mwanakheri akalia kwa uchungu. Raya mwenyewe akasema basi, kitupwe, waanze kingine.

Kazija akakataa. Wakamwonya kuwa akikiharibu zaidi, harusi itawakuta mikono mitupu. Hakusikia la mtu. Akakichovya katika rangi ya nili, akakigeuza polepole mpaka rangi ikapenya kwenye nyufa. Kisha akakichemsha, nta ikatoka.

Jamani! Nyuzi za buluu zilipita katika maua yote, nyembamba kama mishipa ya jani. Mama wa biarusi akajifunga papo hapo, akakataa kukivua.

Bi Ruzuna akakileta chungu. Watatu wakasogea.

Mwanakheri akasema, "Bi, maua ni yangu. Bila maua, nyufa zingepamba nini?"

Raya akasema, "Bila mimi kingekuwa tumboni mwa mbuzi. Na nyufa mnazozisifu, nani kazitia?"

Kazija akasema, "Nyote mlishakata tamaa, mimi sikukata."

Bi Ruzuna akawatazama wanafunzi wake, furaha imemjaa, uamuzi umemshinda. Nje wanawake wa mji wameshajaa, kila mmoja na kitambaa chake mkononi, wanamuulizia fundi mpya.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu, semeni. Je, nani alistahili chungu?