Majivu ya Bi Kalunde

Hapo zamani, katika kijiji kilichokula chumvi ya majivu, chumvi iliharibika. Wanawake walichoma matete ya bondeni, wakayachuja majivu kwa maji, wakayachemsha maji hadi yakakauka. Chumvi ikatoka nyeusi. Chumvi ikawasha ulimi. Hata mbuzi wakaigeuzia kisogo.

Lawama zikamwangukia Bi Kalunde, mjane aliyesimamia bonde na moto wake. "Mwezi ukiandama," wazee wakasema, "bonde tunampa mwingine."

Binti yake mkubwa, Nyamizi, akatundika vibuyu viwili kwenye fimbo. Kimoja akatia majivu, kingine mtama, vikalingana. Akayachoma majivu upya mpaka yakawa meupe, akapima tena. Mtama ukashuka puu!

"Mama, kilichopungua ni makaa yaliyojificha ndani ya majivu. Wenzako wanauzima moto kwa maji ili wawahi ngoma. Weusi ndio huo."

Mdogo wake, Kabula, akachoma kila aina ya tete peke yake. Akachuja, akachemsha, akaonja. Tete la majani mapana likamuunguza ulimi, ukavimba, akala uji siku nyingi. Lakini muwasho ukajulikana ulikotoka.

Na vyungu? Katika majaribio hayo, kila chungu kilipasuka kwa ukali wa moto. Ndipo Shija, mtoto wa mke mwenza aliyefariki, akaleta chungu cha marehemu mama yake, kitu pekee alichoachiwa. Kikastahimili moto wa Nyamizi. Kikastahimili moto wa Kabula. Kazi ilipokwisha, kikapasuka.

Moto ukaachwa ufe wenyewe, tete baya likatupwa, chumvi ikatoka nyeupe. Bonde likabaki kwa Bi Kalunde. Watu wakala, wakalamba vidole. Mama akamfungua ng'ombe wake wa pekee, mtamba mwenye mimba, ili atoe zawadi.

"Wanangu, nyote mmeniokoa. Mtamba ni mmoja."

"Bila mizani yangu," akasema Nyamizi, "moto ungekuwa unazimwa kwa maji hadi leo."

"Na chumvi yako nyeupe ingewaunguza watu!" akadakia Kabula. "Mimi nimetoa ulimi, wewe umetoa mtama."

"Ulimi wenyewe ulivimba kama kiazi, tukapumzika na kelele zako!"

Wakacheka wote. Shija akaokota kigae. "Dada zangu, mtama utaota tena. Ulimi umepona. Chungu changu je?"

Bi Kalunde akasimama na kamba mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, akitabasamu, asijue pa kuielekeza.

Nanyi mliokula chumvi hiyo pamoja nami, msaidieni mama huyu: je, nani alistahili mtamba?