Chui Milia Aomba Kuchorwa

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa ukuta!
Pakawa picha!

Hapo zamani za kale, huko Bara Hindi, kwa watu waitwao Wasanthali, palikuwa na mama mjane, jina lake Salge. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja tu, tena ana mimba.

Kila baada ya mavuno Salge alikandika ukuta udongo, akachora wanyama. Alichora tausi, kwa kuwa tausi huleta habari ya mvua. Alichora tembo, kwa kuwa tembo ni nguvu. Alichora samaki, kwa kuwa samaki ni uzazi.

Chui milia akapita. Akajitafuta ukutani, hayupo!

"Hodi, mama Salge! Mbona mimi umeniruka?"

"Kwani wewe una nini, baba?"

"Mimi ni mzuri!"

"Mzuri ni tausi. Nenda."

Siku ya pili akarudi. "Hodi! Mimi nina nguvu!"

"Nguvu ni tembo. Nenda."

Siku ya tatu akaja analamba midomo. "Hodi! Mimi ni mlinzi. Nichore pale mlangoni kwa ng'ombe, anizoee, asije akanikimbia."

Heee! Asimkimbie! Salge akacheka kimoyomoyo.

"Karibu, mlinzi."

Akachora milia, akachora mkia, akachora meno. Chui akafurahi, kisha akanuna. "Mbona sina macho? Nitalindaje?"

"Kwetu jicho huja mwisho, baba. Ngoja nikupime. Fumba."

Chui akafumba. Salge akachota udongo mweupe, akampaka jicho la kulia, paa! La kushoto, paa! Jua likawaka, udongo ukawa kigae.

"Mama, nifumbue?"

"Bado."

"Nifumbue?"

"Bado."

"Nifumbue?"

"Haya, kalinde!"

Wapi! Macho hayafunguki. Chui akapapasa, akashika kitu. "Huu ndio mlango?"

Kumbe mguu wa ng'ombe! Teke la kwanza, pu! La pili, pu! La tatu likamtoa uani. Akakimbia akigonga miti: "Samahani, mzee! Samahani, mzee!"

Ng'ombe akazaa salama. Na chui milia, udongo ulipobanduka, alama zikabaki: mpaka leo ana madoa meupe juu ya macho.

Sasa sikilizeni. Tausi hakupiga hodi. Tembo hakupiga hodi. Samaki hata miguu ya kuja hana. Ndiyo maana wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hadithi nimeipaka, imekauka. Ikiwapendeza, ichoreni kwenu. Ikiwachukiza, nirushieni tope.